Bata wa Mti wa Fundi Songoro

Sogeeni karibu, na wewe mwenye kikohozi kaa upande ule. Hapo zamani za kale, wakati chui bado anavaa kanzu siku ya Ijumaa na kiboko bado anahukumu kesi za watu, palikuwa na bwawa kubwa lenye matete marefu kuliko nyumba hii.

Bwawani waliishi bata. Sisemi bata watatu wanne wa uani kwa jirani. Nasema bata mpaka maji hayaonekani! Na kando ya bwawa, kwenye shimo lenye mlango mmoja tu, aliishi panya buku aitwaye Songoro, pamoja na mkewe Bi Mosi na watoto wao sita.

Songoro alikuwa fundi wa kuchonga. Hakuwa na patasi wala tezo, kazi yote aliifanya kwa meno. Kwaru, kwaru, kwaru, kipande cha mti kinageuka mwiko. Kwaru, kwaru, kinageuka kinu. Mkiona vumbi la mbao limelala kwenye majani, mjue Songoro yuko kazini.

Jirani yake alikuwa Bi Shungi, bata jike mwenye manyoya yaliyosimama kisogoni. Mwaka wa mafuriko, maji yalipoingia shimoni, Bi Shungi ndiye aliyewabeba wale watoto sita mgongoni, mmoja baada ya mwingine, akawafikisha nchi kavu. Songoro hakusahau. Mimi nawajua watu wanaosahau mambo kama hayo, lakini leo siwataji.

Sasa, ng'ambo ya bwawa alikaa Bwana Chui. Jamani, Chui alikuwa anajipenda! Hatoki nyumbani mpaka ajitazame majini. Anageuza shingo huku, anageuza kule, anainua kidevu, ndipo anatembea. Na nyuma yake siku zote yuko rafiki yake Fisi, anayeitikia kila kitu.

Binti yake Chui alikuwa ameposwa, na wazee wa upande wa mume walikuwa waje Ijumaa asubuhi. Chui kwa kujisifu kwake akawatumia salamu kwamba kwake hawatakula swala, swala anapikwa kila nyumba. Kwake watakula bata.

Basi alikuwa hajawahi kukamata hata mmoja! Kila akinyemelea, kila akiruka, bata wote prrrr, wamekwenda, naye anabaki na maji puani. Lakini siku moja, huko kwenye mashamba ya mpunga, aliwaona wawindaji binadamu wakiweka bata wa mti juu ya maji. Bata wa kweli wakipita angani wanaona wenzao chini, wanaamini, wanashuka, na wawindaji wako palepale wamejificha. Chui alirudi mbio akihema kwa furaha.

Jumamosi yeye na Fisi wakapiga hodi kwa Songoro.

"Fundi," alisema Chui, "nataka bata wa mti kumi na wawili. Jumanne wawe tayari."

Songoro aliuliza kama ni wa watoto kuchezea. Chui akacheka, akamweleza mpango wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana mtu anayejipenda hawezi kunyamaza na wazo lake. Songoro akahisi baridi mpaka mkiani. Akasema kazi zimemzidi, na meno yanamuuma, na mti wa kuelea siku hizi haupatikani.

Chui aliinama mpaka masharubu yakagusa pua ya fundi.

"Ijumaa wageni wangu watakula. Wakikosa bata, watakula panya buku. Mko wanane, nimeshawahesabu."

Hapo hapo Fisi akakaa juu ya mlango wa shimo, pwata! Bi Mosi na watoto wakabaki ndani. Songoro peke yake ndiye aliyeruhusiwa kutoka na kuingia, tena kwa kupenya katikati ya miguu ya Fisi, na Fisi hakuwa mtu wa kuoga.

Songoro akaenda kwenye matete kutafuta mti mwepesi, machozi yanamtoka. Huko akamkuta Bi Shungi, akamwambia kila kitu, akamsihi wahame siku ileile, bata wote, waende mbali.

Bi Shungi alimwonyesha vifaranga wake tisa waliokuwa wakiogelea nyuma yake. Mabawa yao yalikuwa bado vijiti. Wataruka baada ya siku kumi, alisema, si kabla. Na wenzake wote walikuwa na vifaranga wa hivyohivyo.

Songoro akapima huku na huku. Akiwasaidia bata, watoto wake wanaliwa. Akimsaidia Chui, anaua aliyewaokoa watoto wake. Mngefanya nini ninyi? Haya, nyamazeni basi, msikilize.

"Bi Shungi," Songoro aliuliza taratibu, "alfajiri mnaporudi kutoka kula mpungani, mnajuaje kwamba pa kutua ni salama?"

"Ninatazama walioko majini, jirani. Aliyelala ameficha mdomo kwenye bawa. Anayekula ameinama, matako juu. Hao wametulia, nasi tunatua. Lakini nikiona shingo zimesimama wima, najua wameona adui. Hapo sishuki hata mama yangu akiniita."

Songoro alifuta machozi kwa mkia. Akamwomba alirudie neno hilo la shingo, akalirudia. Kisha akamwomba asimwambie bata mwingine yeyote, kwa sababu bata, mnawajua, wakiambiwa siri saa mbili, saa tatu bwawa zima linaipiga kelele.

Akaanza kazi. Kwaru, kwaru, kwaru, mchana kutwa! Lakini hakuchonga bata kumi na wawili. Alichonga ishirini na wanne.

Sasa nyie hamjui desturi ya bwawa lile. Kazi ya fundi ilichaguliwa mbele ya Jumbe, na Jumbe alikuwa Kiboko. Mteja anakigusa anachokitaka kwa mkono wake, anachota maji, anasukutua, anatema, anasema, "Nimechagua mwenyewe." Akishatema, hana tena neno na fundi. Hata kinu kikipasuka kesho yake, kimepasuka.

Jumanne Jumbe Kiboko alitoa masikio na pua nje ya maji. Songoro akapanga bata wake mistari miwili ufukoni.

Mstari wa kwanza, loo! Bata kumi na wawili, vifua mbele, shingo zimenyooka, vichwa juu, utasema wanakagua gwaride. Amewapaka udongo mwekundu na chokaa nyeupe mpaka wanametameta. Mstari wa pili ulikuwa wa bata wa rangi ya tope. Huyu amelala kaficha mdomo, huyu kaegemea upande, wengine watano wameinama, unaona matako tu.

Chui alipita mbele ya mstari wa kwanza, na bila kujua akaanza kuinua kidevu.

"Fisi, unawaona? Hawa ndio bata."

Fisi akasema ndio hasa, hawa ndio bata. Chui akauliza ule uchafu mwingine ni nini. Songoro akajibu kwa adabu kwamba nao ni bata, bata wa kawaida, wamelala tu na kula.

"Wewe ungekuwa mimi ungechukua wepi?" Chui aliuliza, jicho moja amelifumba.

Watoto, hapo ndipo ufundi ulipokuwa. Angesema uongo, Chui angenusa. Songoro akasema kweli tupu.

"Mimi, Bwana Chui, ningechukua hawa waliolala."

Chui aliangua kicheko mpaka matete yakatikisika. Panya wa shimoni, alisema, atachagua nini zaidi ya matako! Hivi bata gani mwenye heshima zake atashuka kukaa na watu waliolala hovyo? Kila mtu huvutwa na aliyesimama vizuri. Akagusa wale kumi na wawili wa shingo ndefu, mmoja mmoja. Akachota maji, gugugu, akatema, twaa!

"Nimechagua mwenyewe."

"Nimesikia," alisema Jumbe Kiboko, akazama.

Alfajiri ya Jumatano Chui aliwapanga bata wake majini, kila mmoja na kamba na jiwe lake. Yeye na Fisi wakajificha kwenye matete. Bi Mosi, nyumbani, hakuweza kukimbia, maana Fisi kabla ya kuondoka aliviringisha jiwe kubwa mlangoni.

Angani, fyu, fyu, fyu! Mabawa! Bata mia wanarudi kutoka mpungani, Bi Shungi mbele. Fisi mate yanamdondoka. Chui mkia unacheza wenyewe. Bata wakashuka, wakashuka zaidi, wameshatoa miguu ya kutua.

Mara wakaziona zile shingo, kumi na mbili, zimesimama wima!

"Kuna adui! Kuna adui!" Prrrrr! Wakapanda juu, wakazunguka bwawa, wakatua upande wa pili kabisa.

Chui akasema ni upepo. Mchana kutwa hakula chochote, kwa kuwa alikuwa ameapa hatatia kitu mdomoni ila bata. Alhamisi akaamka mapema zaidi, akazinyoosha zile shingo kwa kuziongezea vipande vya mwanzi, zikawa ndefu maradufu. Na safari hii bata hata hawakushuka. Waliona tangu mbali, wakageuza njia wakiwa juu kabisa!

Songoro alikuwa anacheka kimoyomoyo. Na mtu anapocheka ndipo anapokosea. Wale bata wake wa tope, waliokataliwa, alikuwa amewaacha wakielea karibu na shimo kwa sababu hakuwa na pa kuwaweka.

Adhuhuri ya Alhamisi akaja bata mgeni kutoka mbali, amechoka, peke yake. Akawaona wale waliolala. Hakuuliza mtu. Chubwi! Akatua katikati yao.

Fisi alikuwa amerudi kukaa juu ya mlango. Akaruka! Bata mgeni akachomoka chupuchupu, na Fisi akabaki na unyoya mmoja wa mkia katikati ya meno. Akautazama unyoya. Akawatazama bata wa tope. Akautazama unyoya tena. Kufikiri kwa Fisi huchukua muda, lakini hufika.

"Bwana Chui! Bwana Chui wee! Wabaya ndio wazuri!"

Chui alikuja anatoa moshi. Akamkamata Songoro shingoni, akamwinua juu, miguu inaning'inia, akasema amedanganywa na sasa hivi anamla. Watoto ndani ya shimo walikuwa wanasikia kila neno.

Maji yakapasuka, Jumbe Kiboko akatoa kichwa kizima.

"Chui. Alikwambia angechukua wepi?"

"Waliolala," alisema Chui kwa shida.

"Ulisukutua?"

"Nilisukutua."

"Ukatema?"

"Nikatema."

"Basi mshushe."

Chui akamshusha. Lakini hakuwa amemaliza. Alisema sawa, ya juzi yamekwisha. Kesho ni Ijumaa na atatumia hawa waliolala, na safari hii yeye hachagui kitu, asije akasukutua bure. Atakayechagua pa kuwaweka na jinsi ya kuwaweka ni fundi mwenyewe. Na bata wakikosekana, wageni wanakula panya buku wanane. Jumbe alifikiri, akasema juu ya hilo hana desturi, akazama.

Usiku ule Fisi alimlalia Songoro mkia, asiweze kwenda kokote kumwonya Bi Shungi. Na alijua vizuri kazi yake mwenyewe: alfajiri Bi Shungi akiwaona wale bata wamelala, atatua. Atatua moja kwa moja mdomoni kwa Chui!

Kabla hakujapambazuka akawaamsha Chui na Fisi. Akawaambia anapajua mahali maji yametulia tuli, bata wanapapenda kuliko pote. Akawapeleka mpaka pale panapoitwa Jicho la Bwawa. Juu ni maji kidogo na majani ya kijani yamelala vizuri, ungedhani unaweza kucheza mpira. Chini ya majani ni tope tu, na chini ya tope ni tope. Chui na Fisi, watu wa kuwinda nchi kavu, walikuwa hawajawahi kulikanyaga.

Songoro akawapanga hapo wale bata wa tope, akawaeleza kwamba bata aliyelala hutikisika kidogo, kwa hiyo yeye atakaa kando akivuta kamba. Ukungu ni mzito, wao hawataona nani wa mti na nani wa nyama, basi wangoje mluzi wake. Akipiga mluzi, bata wa kweli wametua. Waruke palepale, wote wawili, kwa nguvu zao zote.

"Wote wawili?" aliuliza Fisi. "Na mlango nani ataukalia? Jiwe lenyewe nimelisahau pembeni."

"Kaa mlangoni basi," alisema Songoro. "Bwana Chui atakuwekea fungu lako, kama litabaki."

Fisi hakwenda mlangoni. Nani aende akae mlangoni wakati kuna bata? Akachuchumaa bega kwa bega na Chui, ambaye alikuwa ameshavaa kanzu yake nyeupe ya kupokelea wageni, maana muda ulikuwa umebana.

Kimya. Ukungu. Songoro kwenye matete, kamba mkononi, moyo unapiga dudu, dudu, dudu.

Mbali kabisa, fyu, fyu, fyu.

Wanakuja! Songoro akavuta kamba. Kwenye ukungu matako yakanyanyuka, yakashuka, mdomo ukachezea maji. Lo, hata yeye mwenyewe alishtuka, walivyokuwa wazuri. Chui, siku mbili hajala, akaanza kutetemeka mwili mzima. Fyu, fyu, fyu, mabawa yapo juu ya matete sasa, Bi Shungi mbele, anaangalia chini, amewaona, ananyoosha miguu…

Songoro akaweka vidole mdomoni. Fiiiiiiii!

Chui akaruka, kanzu imepepea! Fisi akaruka! Chubwaaa! Kacha! Kacha!

Bata mia wakapaa wakipiga kelele, prrrrr, hao, hao, hao wamekwenda. Na kwenye Jicho la Bwawa, Chui alikuwa ndani ya tope mpaka kifuani, meno yake yote yamezama kwenye ubavu wa bata wa mti. Alijaribu kumtema, hakutemeka. Alijaribu kupiga kelele, ikatoka "Mmmm!" Fisi naye alikuwa na bata wake mdomoni, anamtafuna, bado hajagundua.

Wanajitahidi kutoka, wanazama zaidi. Na ndivyo wageni walivyowakuta. Wazee wanne wa chui, makanzu safi, wamebeba mkeka wa zawadi, wamefuata kelele. Wakasalimia kwa adabu. Chui hakuweza kujibu salamu.

Mzee mkubwa kuliko wote akasogea ukingoni, akamwangalia mwenyeji wake kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye bata tuliyeitiwa?"

"Mmmm," alisema Chui.

Walimvuta kwa kamba za ukindu mpaka jua likawa la utosi. Harusi ilifungwa, msiwe na wasiwasi, binti hakuwa na kosa. Lakini wazee wale walitoa sharti moja: kuanzia mkeka mpaka sufuria, kitu chochote cha harusi kisichaguliwe na baba yake. Fisi alitoka mwenyewe kwa upande wa pili, na hakuna aliyemngoja.

Na Songoro? Songoro hakukaa kutazama. Alikimbia nyumbani, akauingiza mdomo shimoni, akaita. Kimya! Shimo tupu. Akakizunguka kichuguu kilichokuwa kando ya shimo, akakizunguka tena, ndipo akawaona upande wa pili wa mfereji wa karibu. Bi Mosi alikuwa ameshawatoa watoto dakika ileile Fisi alipoinuka, hakungoja kuambiwa. Songoro akawahesabu, sita. Akawahesabu upya, sita. Akakaa chini akalia mbele ya watoto wake bila aibu yoyote.

Bi Mosi akamwacha alie mpaka akatosheka, halafu akamwambia ainuke wachimbe, kwani jua limepanda na hawana nyumba. Wakachimba shimo jipya wote wanane, na safari hii walilitoboa milango mitatu.

Basi wanangu, ukitaka kumjua mwenzako anapenda nini, mtazame yeye, usijitazame wewe.